Kanisa la Guimiliau: Fedha ya Kitani, Jiwe la Kersanton

Guimiliau ni kijiji cha watu elfu moja hivi katika mkoa wa Finistère, pembe ya magharibi kabisa ya Ufaransa, kwenye sehemu ya Bretagne iitwayo Léon. Hakikuwahi kuwa makao ya askofu, wala hakikuwa na bandari au ngome ya mfalme. Lakini uani mwa kanisa lake imesimama Kalvari ya mawe, yaani mnara wa msalaba wa Yesu, yenye sanamu zipatazo 200. Mlango wa kusini una baraza ambalo ni shida kupata pa kuweka kidole pasipochongwa. Ndani mna kinanda cha mabomba kilichoundwa na mjukuu wa fundi ambaye Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alimtuma Istanbul mwaka 1599 kumpelekea Sultani Mehmed wa Tatu zawadi ya kinanda.

Wakulima wa kijiji walilipia vipi haya yote? Na ilikuwaje yakadumu zaidi ya miaka 400 ilhali makanisa mengi ya rika lake yalibomolewa? Jibu linalotolewa mara nyingi ni imani. Imani ilikuwepo, tena kubwa, lakini parokia nyingi za Ufaransa zilikuwa na imani hiyo hiyo na zikabaki na makanisa ya kawaida. Mimi naona tofauti ya Guimiliau iko kwenye mfuko: nani aliujaza, nani aliushika, na ulipokauka kilifuata nini.

Aliyeujaza ni kitani. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 17 nchi ya Léon iliishi kwa nguo hiyo. Mbegu zilikuja kila mwaka kwa meli kutoka bahari ya Baltiki na kushushwa bandari ya Roscoff, kwa kuwa mbegu za nyumbani zilidhoofu zikirudiwa kupandwa. Unyevu wa pwani uliufaa mmea. Baada ya kung'olewa, mabua yalilowekwa hadi yaoze, yakapondwa na kuchanwa, kisha nyuzi zikasokotwa majumbani. Wenyeji wa Léon walikuwa na desturi yao: uzi waliufanya mweupe kwanza, ndipo ukaenda kufumwa. Kando ya vijito walijenga vijumba vya mawe, kwa Kibretoni kanndi, vyenye mabirika ya kusuuzia na pipa kubwa la kuchemshia uzi kwa maji ya majivu. Kazi hiyo ilirudiwa tena na tena hadi uzi ung'ae. Mabaki ya vijumba hivyo bado yapo, yamefunikwa na vichaka, na kwangu mimi ni sehemu ya urithi wa kanisa sawa na altare zake, kwa maana hapo ndipo fedha ilipotoka.

Nguo iliyofumwa iliitwa crées. Ilipelekwa Morlaix, ikanunuliwa na Waingereza, nyingine ikaenda Hispania na kuvuka hadi makoloni ya Amerika. Katikati ya biashara hiyo likaibuka tabaka la wakulima-wafanyabiashara walioitwa julods. Hawa hawakuwa makabaila. Walilima na kufuga kama jirani zao, lakini walinunua uzi kwa wadogo, wakawapa kazi wafumaji, wakasafirisha nguo na kurudi na sarafu za fedha. Wakaoana wao kwa wao, na mali ikabaki ndani ya koo chache.

Hapo inakuja sehemu ambayo wasimulizi wengi huipita haraka, nami nataka kuikalia. Fedha ya parokia haikushikwa na padre peke yake. Ilishikwa na halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre, iliyoitwa fabrique. Kila mwaka waliteuliwa wakuu wapya wa mfuko, kwa kawaida watu wenye uwezo, kwa sababu za wazi: mwisho wa muhula walitakiwa kusoma hesabu mbele ya parokia, na pengo likionekana walilifidia kutoka mfukoni mwao. Mfuko uliingiza sadaka, kodi za mashamba yaliyoachwa kwa wosia, malipo ya makaburi ndani ya kanisa, na vitu vilivyoletwa na waumini: nafaka, siagi, mafungu ya kitani. Vitu hivyo vilipigwa mnada. Msomaji aliyewahi kubaki baada ya ibada akaona kuku na mkungu wa ndizi vikinadiwa mlangoni pa kanisa ataelewa mara moja jinsi jambo hili linavyokwenda: mtu hanunui kuku, ananunua kuonekana amenunua.

Ndiyo maana naona kanisa la Guimiliau ni kazi ya kamati. Kila kizazi cha wakuu wa mfuko kilitaka kuacha kitu ambacho watu wangekioanisha na muda wake. Tarehe zimechongwa kwenye mawe na mbao, na ukizifuata unaona zamu zikipokezana: Kalvari ina 1581 na 1588, baraza la kusini lilijengwa kati ya 1606 na 1617, kikanisa cha wafu ni cha 1648, pambo la kisima cha ubatizo ni la 1675, mimbari ni ya 1677, sakristia ni ya 1683. Hakuna mfalme wala askofu aliyekaa akachora mpango mzima. Watu walipokezana kalamu ya hesabu kwa miaka mia moja, na kila mmoja alijua jirani anatazama.

Majirani nao walitazama kweli. Lampaul-Guimiliau walikuwa wamesimamisha mnara wa kengele mwaka 1573, wenye urefu wa mita 70 hivi. Saint-Thégonnec wakajenga lango la ushindi mwaka 1587, na mwaka 1610 wakasimamisha Kalvari yao. Parokia hizi tatu zimekaribiana kiasi cha kutembeleana kwa miguu. Ushindani huo haukuwa jambo la kuonea haya. Bila huo, kila moja ingeridhika na robo ya ilichonacho.

Kalvari ya Guimiliau inastahili kutazamwa bila haraka. Kiini chake ni jukwaa la mawe la pembe nane lililoegemezwa na matao manne. Juu ya matao hayo wameketi Wainjili wanne. Kuzunguka jukwaa, katika safu mbili, maisha ya Yesu yamechongwa tukio baada ya tukio, na yeye mwenyewe yuko juu kabisa msalabani. Matukio hayakupangwa kwa kufuata Injili. Mtu anayezunguka akitarajia kuanza na Kupashwa Habari na kuishia na Ufufuko atachanganyikiwa. Nadhani haikuwasumbua watu wa enzi zile, kwani padre ndiye aliyesimama na fimbo akionyesha tukio la siku.

Askari wanaomkamata Yesu wamevaa kama askari wa Ufaransa wa wakati wa mfalme Henri wa Tatu. Mchongaji aliwachukua watu aliowafahamu akawaweka Yerusalemu, na mkulima wa mwaka 1588, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na vita vya dini, hakuhitaji kuambiwa askari anafananaje anapoingia kijijini.

Juu ya Karamu ya Mwisho kuna tukio lisilo la Biblia. Msichana, nguo zimemtoka, anakokotwa na mashetani kuingizwa kwenye kinywa cha Jehanamu, kinywa chenye meno kama cha mnyama. Ni Katell Gollet, yaani Katell aliyepotea. Hadithi ya Kibretoni inasema alipenda ngoma kuliko roho yake, akaficha dhambi kwenye kitubio, akaiba hostia akampa Shetani. Somo lililokusudiwa liko wazi, na linawabana wasichana zaidi ya wavulana; sioni sababu ya kulipamba. Ila tukio lenyewe limechongwa kwa nguvu kuliko mengi yanayolizunguka, na wageni husimama hapo kwanza. Katika karne ya 17 wamisionari kama Michel Le Nobletz na Julien Maunoir walipita vijiji vya Bretagne wakifundisha kwa michoro na nyimbo za Kibretoni. Ardhi waliyoikuta ilikuwa imeshaandaliwa na mawe ya namna hii.

Jiwe lililochongwa ni kersanton, la kijivu kilichokolea, linalochimbwa kandokando ya ghuba ya Brest. Likitoka machimboni ni laini, patasi inalikubali. Likikaa hewani linakuwa gumu. Tabia hiyo moja inaeleza mambo mawili. Kwanza, ndiyo iliyomwezesha fundi kuchonga mikunjo ya nguo, ndevu na vidole kwa udogo ambao graniti ya kawaida isingeruhusu. Pili, ndiyo iliyofanya vidole hivyo viwepo hadi leo baada ya karne nne za mvua ya Atlantiki. Parokia za maeneo mengine ya Ufaransa zilizochonga kwenye chokaa laini zimebaki na nyuso zilizofutika.

Sasa baraza la kusini. Hapa Renesansi, yaani mtindo uliofufua sanaa ya Warumi na Wagiriki wa kale, inaonekana imefika Léon, na imefika kwa njia yake. Italia ilikuwa imeshapita hatua hiyo zamani, na Paris ilikuwa imeshazoea nguzo za Kirumi. Mafundi wa Léon walizipata fomu hizo kupitia vitabu vya michoro vya wasanifu kama Philibert de l'Orme na kupitia kazi za kasri kama Kerjean, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16. Hawakuacha walichokijua. Wakachukua paa kali lililochongoka la Kigothi, wakaliunganisha na nguzo na matao ya mtindo mpya, wakajaza matukio ya Biblia kwenye mzingo wa tao, na ndani wakawapanga Mitume mistari miwili. Wataalamu wa zamani walizoea kuita mchanganyiko huu kuchelewa kwa mashambani. Siafikiani nao. Fundi aliyechelewa ni yule anayeiga asichokielewa, na hapa kila kipande kimekaa mahali pake kwa sababu: baraza lilikuwa mahali pa kujikinga mvua, pa kungojea ubatizo, pa kuzungumzia mambo ya parokia. Lilihitaji kina na viti, nalo lina kina na viti.

Ndani ya kanisa mwaloni unachukua nafasi ya jiwe. Kisima cha ubatizo kimefunikwa na kibanda cha nguzo nane zilizosokotwa, zimezungukwa na mizabibu na ndege, na juu yake kuna kuba. Kilichongwa mwaka 1675, mwaka ambao wakulima wa Cornouaille, upande wa kusini, walikuwa wanaasi dhidi ya kodi za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Léon haikuingia sana katika uasi ule, na kisima hiki kinadokeza sababu: hapa bado kulikuwa na fedha ya kutumia.

Kinanda kilitengenezwa na Thomas Dallam. Baba yake, Robert, alikuwa fundi Mkatoliki aliyekimbia Uingereza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuhamia Bretagne, na babu yake ndiye niliyemtaja, aliyekwenda kwa Sultani. Kwenye ukingo wa roshani ya kinanda kuna michongo mitatu: Mfalme Daudi na kinubi chake, Mtakatifu Sesilia, na Aleksanda Mkuu akiingia kwa ushindi. Aleksanda katika kanisa la kijiji! Lakini ndiyo mada iliyopendwa katika Ufaransa ya Louis wa Kumi na Nne, na wakuu wa mfuko wa Guimiliau walitaka kilichoko Versailles, kwenye kasri la mfalme. Kwenye altare za kando wapo watakatifu wa nyumbani: Miliau mwenyewe, ambaye kijiji kina jina lake, na Hervé aliyekuwa kipofu akiongozwa na mbwamwitu.

Kikanisa cha wafu hueleza jambo ambalo mgeni wa leo halioni tena. Watu walizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu, na nafasi ilipokwisha mifupa ya zamani ilifukuliwa na kuwekwa kwenye nyumba yake uani. Mahakama kuu ya Bretagne, iliyoitwa Parlement, ilikataza maziko ya ndani mwaka 1719. Hadi hapo kila mwenye kwenda misa alipita langoni, akaipita Kalvari, akaipita mifupa ya babu zake, ndipo akaingia. Kwa hiyo kinachotakiwa kuhifadhiwa hapa ni ua mzima pamoja na mpangilio wake. Ukiichukua Kalvari ukaiweka kwenye makumbusho, utakuwa na sanamu nzuri zisizo na mahali pa kusimama.

Baada ya 1683 tarehe zinakuwa chache, na mwanzo wa ukimya huo unajulikana. Ushuru wa Colbert, waziri wa Louis wa Kumi na Nne, uliwakera Waingereza, nao wakajibu kwa kuzuia nguo za Ufaransa. Mwaka 1688 vita vikaanza na soko lililobeba Léon likapasuka. Biashara haikufa siku moja. Crées ziliendelea kuuzwa Hispania katika karne ya 18. Lakini ziada iliyokuwa inageuzwa kuwa mwaloni na kersanton haikurudi.

Na hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu kuu. Umaskini ndio uliolinda kanisa. Katika karne ya 19 parokia nyingi za Ufaransa zilizopata uwezo zilibomoa makanisa ya zamani na kujenga mapya, marefu na yenye mwanga, kwa mtindo wa Kigothi mpya. Hata Plougastel, parokia iliyo karibu na Brest, yenye Kalvari maarufu iliyojengwa kati ya 1602 na 1604 kufuatia tauni, kanisa lake lilijengwa upya mwaka 1870. Guimiliau haikuwa na ziada ya namna hiyo. Walichoweza ni kuziba vigae. Lampaul jirani, radi ilipokata kilele cha mnara mwaka 1809, hawakukijenga tena, na mnara uko hivyo hadi leo. Sisemi umaskini ni mwema. Watu wa Léon waliteseka sana baada ya kitani. Nasema tu kwamba waliofanikiwa karne ya 19 walibomoa kwa nia njema, na hili linapaswa kumfanya mwangalifu kila anayetaka kulifanyia kanisa la zamani wema mkubwa.

Leo mwenye kanisa si jimbo la Kikatoliki. Mali za Kanisa zilitaifishwa Novemba 1789, na sheria ya kutenganisha dini na serikali ya Desemba 9, 1905, pamoja na zilizofuata 1907 na 1908, ziliacha makanisa ya parokia mikononi mwa halmashauri za vijiji na miji. Padre ana haki ya kulitumia bure kwa ibada. Meya anawajibika na paa. Kwa kuwa kanisa la Guimiliau limeorodheshwa kisheria kuwa jengo la urithi wa kihistoria, hakuna anayegusa jiwe bila kibali cha wizara ya utamaduni. Serikali kuu, jimbo la Bretagne na mkoa huchangia kazi kubwa. Kinachobaki ni cha kijiji. Na kwa kijiji cha watu elfu moja chenye shule na barabara za kutunza, hata kinachobaki ni mzigo.

Jinsi mambo yanavyoweza kuharibika ilionekana Saint-Thégonnec Juni 8, 1998. Moto ulishika kanisa, sehemu ya paa ikaanguka, na altare za mwaloni za upande wa kaskazini zikaungua vibaya. Mimbari ya mwaka 1683, mojawapo ya kazi bora za mbao katika Bretagne yote, ilipona. Ukarabati ulichukua miaka. Mafundi walisafisha, wakaunganisha, na mahali ambapo hapakuwa na la kuokoa wakachonga upya. Guimiliau imejaa mwaloni uleule wa karne ileile, chini ya paa la mbao, na hilo tu latosha kumkosesha mtu usingizi.

Kitaifa hali ni nzito zaidi kwa makanisa yasiyo na jina. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba kati ya majengo 100,000 ya dini nchini Ufaransa, 2,500 hadi 5,000 yangeweza kuachwa, kuuzwa au kubomolewa kufikia 2030. Mwaka 2023 serikali na Fondation du patrimoine, shirika la kuhifadhi urithi, walianzisha mchango wa kitaifa kwa ajili ya makanisa ya miji na vijiji vyenye watu chini ya 10,000, kwa lengo la euro milioni 200 katika miaka minne. Guimiliau, kwa umaarufu wake, si ya kwanza kwenye foleni ya walio hatarini. Ina wageni, ina hadhi ya kisheria, na kila kiangazi vijana wanaojitolea hukaa katika nyua za parokia za Léon kuwaeleza watu wanachokiona.

Hata hivyo umaarufu una hatari yake. Mgeni hutoa fedha akiona sanamu zimesafishwa, hatoi akiona mfereji wa paa umezibuliwa. Meya naye hupigwa picha mbele ya Kalvari, hapigwi picha mbele ya swichi. Kuvumwani kwenye kersanton huonekana vibaya na watu hulalamika, lakini jiwe hilo limeishi na kuvumwani kwa karne nne, na kulisugua kwa haraka kunaweza kuondoa ngozi yake ngumu ambayo ndiyo kinga yake. Kilicho dhaifu ni mwaloni wa ndani: unyevu unaopenya ukutani, wadudu wanaokula mbao, nyaya za umeme zilizozeeka. Kama ningekuwa na neno katika halmashauri ya Guimiliau, kila euro ya kwanza ningeipeleka kwenye mifereji, kwenye vigae vya paa, kwenye vifaa vya kugundua moshi na nyaya mpya, na kwenye mazoezi ya kikosi cha zimamoto kilicho karibu, ili kila askari wake ajue ni kipi kinaweza kutolewa nje kwa dakika kumi na kipi hakitoki. Kisha ningeomba vijumba vya kanndi vilivyobaki vikingwe kwa pamoja na kanisa, kwa bajeti ileile. Kusafisha Kalvari kungesubiri.